Nani Alilipa Nauli?

Septemba 1959, ndege ya kukodi iliondoka Nairobi kwenda New York ikiwa na wanafunzi 81. Walikuwa wamepata nafasi katika vyuo vya Marekani, na wengi wao wamepunguziwa au kusamehewa karo. Simulizi za safari hiyo humtaja Tom Mboya aliyeipanga, kisha hukimbilia kwa John F. Kennedy. Mimi nataka tukae kidogo kwenye swali ambalo kila mwanafunzi asiye na kitu analijua: nafasi imepatikana, sasa nauli inatoka wapi?

Wakati huo, Mwafrika wa Kenya aliyetaka shahada bila kuondoka Afrika Mashariki alikuwa na mlango mmoja tu, Makerere kule Kampala, na nafasi zake zilikuwa haba. Wakoloni nao walizibeza shahada za Marekani. Mboya aliujua ukata kwa jina. Alizaliwa katika shamba la mkonge ambako baba yake alikuwa mnyapara. Alifika shule ya Mang'u, lakini karo ilipoishinda familia akaenda kusomea ukaguzi wa afya. Baadaye alipata ufadhili wa kusoma Ruskin College, Oxford, mwaka 1955 hadi 1956.

Mapema mwaka 1959 alizunguka Marekani akihutubia vyuo na vyama vya wafanyakazi, akirudi na ahadi nyingi za ufadhili. Ila ufadhili wa karo hauvukishi mtu bahari. Ndipo rafiki yake, mfanyabiashara William Scheinman, na wenzake wakaunda African American Students Foundation ili kutafuta pesa za ndege. Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier walitia saini barua ya kuwaomba Wamarekani wachangie, na watu wa kawaida wakatuma walichokuwa nacho.

Huku nyumbani kulikuwa na uchangishaji mwingine ambao haukuandikiwa barua. Mwanafunzi alihitaji pesa za matumizi, nguo za baridi, na akiba ya kuanzia maisha. Ng'ombe wakauzwa, vipande vya ardhi vikauzwa, karamu za chai zikaandaliwa na kila aliyehudhuria akaacha shilingi zake mezani. Neno harambee lilikuwa bado halijawa kaulimbiu ya taifa, lakini kazi yake ilikuwa ikifanyika.

Mwaka 1960 wanafunzi waliotaka kusafiri waliongezeka, wakiwemo wa Tanganyika na Uganda. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilikataa kugharimia ndege. Julai Mboya akamfuata Kennedy, aliyekuwa akigombea urais, na wakfu wa familia yake ukaahidi dola 100,000. Kambi ya Nixon iliposikia, serikali ile ile iliyokataa ikajitokeza na kiasi kama hicho. Wanafunzi wetu wakageuka hoja ya uchaguzi wa watu wengine. Miongoni mwa waliosafiri mwaka huo alikuwa Wangari Muta, aliyekwenda kusoma Kansas. Dunia ilikuja kumjua kama Wangari Maathai, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004.

Ni rahisi kuitamani enzi hiyo. Kizazi chetu kimelelewa na bodi za mikopo: Kenya ina HELB tangu 1995, na Tanzania iliunda Bodi ya Mikopo kwa sheria ya 2004. Unasaini peke yako, unakatwa peke yako. Mtanzania mwajiriwa mwenye deni hilo hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi tangu sheria irekebishwe mwaka 2016. Ukilinganisha na kijiji kizima kumsindikiza kijana mmoja, mkopo unaonekana mkavu.

Lakini tusidanganyane. Mchango wa ukoo nao ulikuwa mkopo, tena usio na mkataba. Aliyeuzwa ng'ombe kwa ajili yake alirudi na shahada na foleni ya wadogo zake mlangoni. Deni la bodi lina tarakimu, na siku moja linaisha. Deni la ndugu halina risiti, kwa hiyo hakuna anayeweza kukuandikia kwamba umemaliza. Na kuna walioachwa: yatima, mtoto wa familia isiyo na ng'ombe wa kuuza, binti ambaye wazee hawakuona sababu ya kumchangia. Fomu ya mkopo, pamoja na ukavu wake, angalau haiulizi kama wajomba wanakupenda.

Ninachokichukua kutoka 1959 ni hesabu, si majonzi ya zamani. Hakuna mfuko mmoja uliotosha. Chuo kilitoa karo, wageni wakatoa ndege, nyumbani wakatoa matumizi, na mwanafunzi mwenyewe akafika huko akafanya vibarua baada ya vipindi. Leo bado barua ya ufadhili huja na sentensi ile ile ndogo kwamba nauli na viza ni juu yako, na kundi la WhatsApp la "Tumsaidie fulani asafiri" hufunguliwa jioni hiyo hiyo. Wanaochangia humo elfu tano na elfu kumi hawataingia kwenye kitabu chochote. Anayesafiri ayahifadhi majina yao.