Mkate wa altare na ngano ya Masereka

Mwaka 2029 itatimia miaka 100 tangu mapadri Waasumpsio wafike mashariki mwa Kongo na kuanza kazi katika eneo ambalo leo ni Jimbo Katoliki la Butembo-Beni. Kabla vitenge vya jubilei havijachapishwa, kuna swali ambalo watu wa milimani wana haki ya kuliuliza: hostia zitakazogawiwa siku hiyo zitatokana na ngano ya nani?

Hostia ni mkate bapa uliotufikia kwa njia ya Kanisa la Roma. Waitaliano wana mikate bapa mingi, na kila familia ina mapishi yake. Wa Genova wana focaccia, yenye hamira, chumvi na mafuta ya zeituni, iliyobonyezwa kwa ncha za vidole kabla ya kuingia tanurini. Wa Romagna wana piadina, inayopikwa juu ya sahani ya moto kama chapati yetu. Lakini mkate bapa uliotangulia kufika Masereka, katika milima yetu ya Lubero, miaka mingi kabla mtu yeyote wa Butembo hajasikia neno piza, ni ule mweupe wa altare.

Utengenezaji wake ni mwepesi kusimulia na mgumu kufanya. Unga laini wa ngano hukorogwa na maji mpaka uwe kama uji mwepesi. Hakuna hamira, hakuna chumvi, hakuna mafuta. Chuma chenye sahani mbili, moja ikiwa na alama ya msalaba, hupashwa moto. Uji humiminwa kidogo katikati, sahani hufungwa, na mvuke hutoka pembeni kwa mlio. Kikifunguliwa, panatoka karatasi nyeupe ya mkate, kavu kabisa. Ukiikata hapo hapo inavunjika vipande vipande. Kwa hiyo huachwa kwanza mahali penye unyevu mpaka ilainike, ndipo hukatwa miduara. Mabaki ya kingo huishia mikononi mwa watoto, na yana utamu wake.

Mapadri wa Moyo Mtakatifu walifungua misioni ya Beni mwaka 1906. Waasumpsio waliwafuata mwaka 1929, na mmoja wao, Henri Piérard, akawa askofu wa kwanza wa eneo hilo. Wote walibanwa na sheria moja: mkate wa misa lazima uwe wa ngano. Sheria hiyo iliandikwa katika Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1917. Mwaka huohuo serikali ya Kongo ya Wabelgiji, kwa msukumo wa mkuu wake wa kilimo, Edmond Leplae, ilitoa amri ya mazao ya lazima. Mkulima alilimishwa alichoamriwa. Mwaka 1933 muda wa kazi hiyo uliwekwa kuwa siku 60 kwa mwaka, na mwaka 1942, wakati wa vita, ukaongezwa hadi siku 120. Ubelgiji ilikuwa imetekwa na Wajerumani, koloni likatakiwa kujilisha, na nyanda za juu za Kivu, zenye baridi inayofanana kidogo na ya Ulaya, zikaonekana ni mahali pa viazi, kabichi, vitunguu vya poro na ngano.

Ndivyo ngano ilivyojikita katika milima ya Lubero. Masereka iko juu ya mita 2,000. Asubuhi ukungu haujaondoka, akina mama wameshapanda mtelemko na vikapu vimefungwa kwa kamba kwenye paji la uso. Zao lililoingia kwa amri limekuwa la kwao kwa jasho lao. Hili nalisisitiza kwa sababu linabadilisha ugomvi ambao Kanisa la Afrika limekuwa nao kuhusu mkate huu.

Mkate huu ni wa ugomvi tangu zamani. Mwaka 1053 Askofu Mkuu Leo wa Ohrid alimwandikia Yohane, askofu wa Trani kusini mwa Italia, barua ya kuwashutumu Walatini kwa kutumia mkate usiotiwa chachu. Kwa Wagiriki, mkate usio na chachu ulikuwa mkate usio na uhai. Makanisa ya Kilatini mjini Konstantinopoli yakafungwa. Kardinali Humbert alitumwa kutoka Roma kwenda kujibu, na tarehe 16 Julai 1054 akaweka hati ya kumtenga Patriaki Mikaeli Kerularios juu ya altare ya Hagia Sofia, mbele ya mapadri waliokuwa wakijiandaa kwa ibada. Mambo mengine yalikuwemo pia, ya madaraka na ya imani, lakini chachu ilikuwa mstari wa mbele. Ilichukua mpaka mwaka 1439, huko Firenze, kwa Roma na wajumbe wa Wagiriki kuandika pamoja kwamba mikate yote miwili ni halali, mradi ni ya ngano.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyokuja kumchoma Jean-Marc Ela, padri wa Kameruni aliyeishi miaka mingi na wakulima wa milima ya Tokombéré. Katika kitabu chake cha mwaka 1980 kuhusu kilio cha mwanadamu wa Afrika, aliuliza kwa nini watu wanaoishi kwa mtama walazimike kumwadhimisha Kristo kwa mkate na divai vinavyonunuliwa ng'ambo. Kwake, hilo lilikuwa suala la ibada na la uchumi kwa pamoja: Kanisa linalotegemea meli ili lipate kusali. René Jaouen, mmisionari wa Oblati katika Kameruni hiyohiyo, aliandika kitabu kizima mwaka 1995 kutetea ekaristi ya mtama. Roma haikutikisika. Hata misa ya Kizaire ya huku Kongo iliyoidhinishwa mwaka 1988, yenye ngoma, mchezo na kuwaita wahenga, ilibaki na mkate wa ngano na divai ya zabibu. Barua ya Vatikani ya mwaka 2017 ilirudia jambo hilo bila kulegeza.

Mimi niko upande wa Ela katika jambo moja: padri asitegemee gunia la mbali wakati mkulima yuko jirani na altare. Lakini Lubero haihitaji kuomba ruhusa ya Roma ili kumtii Ela. Ngano inaota hapa. Waumini wa Masereka wanaweza kutii sheria ya Kanisa na kula jasho lao wenyewe katika hostia moja. Ni parokia ngapi za Afrika ya Kati zinaweza kusema hivyo?

Tunachofanya ni kinyume. Unga mwingi wa waokaji wa Butembo na Beni unapita Kasindi, mpakani na Uganda, ndani ya malori, na vita vya Ukraine vilipoanza mwaka 2022, bei ya mkate ilipanda hadi kwetu. Wanunuzi huja Masereka kwa ajili ya poro, karoti na viazi, ngano wakiiacha nyuma. Barabara zilioza katika miaka ya utawala wa Mobutu, vikaja vita, na Juni 2024 waasi wa M23 waliingia Kanyabayonga, kusini mwa Lubero. Mkulima aliyewahi kukimbia na kuacha shamba anachagua zao la kuvuna haraka.

Jubilei inaweza kugeuza hesabu hiyo kidogo, jimbo likitangaza mapema kwamba litanunua ngano ya milimani kwa hostia zote za mwaka 2029 na kulipa bei ya haki. Ngano huchukua miezi minne au zaidi shambani. Mbegu lazima ziwe za kuhimili ugonjwa wa kutu ya shina, hasa ile iliyotambuliwa Uganda mwaka 1999 na kuitwa Ug99, kwa sababu mbegu dhaifu zitamtia mkulima hasara na kumkatisha tamaa kwa miaka. Panahitajika pia kinu kinachotoa unga mweupe, laini, na vyuma vya hostia vilivyo katika hali nzuri. Kazi ya kuzidisha mbegu hizo inapaswa kuanza msimu ujao wa kupanda.