Maji ya Sabili: Kiu ya Mpita Njia Katika Mitaa ya Kairo

Ndugu msomaji, neno sabili si geni majumbani mwetu. Mtu akitoa kitu bila ya kutaka malipo, husemwa amekisabilia. Asili ya neno hilo ni Kiarabu, na maana yake ni njia. Na kitolewacho kwa ajili ya Mwenyezi Mungu husemwa kimetolewa fi sabilillahi, yaani katika njia yake. Lakini huko Misri neno hili lilikuja kuwa jina la jengo. Ukimtajia mtu wa Kairo sabili, atafahamu kuwa wasema juu ya nyumba iliyo kandoni mwa njia, yenye dirisha kubwa la nondo za shaba, ambapo kila apitaye alipewa maji ya kunywa bila ya kuulizwa jina lake wala kutakiwa pesa. Leo tuitazame taarikhi ya nyumba hizo, kwani ndani yake mna somo linalotuhusu sisi, watu wa mifereji na matangi.

Kwanza yafaa tujue hali ya maji katika mji ule. Kairo ni mji wa mto Naili, lakini mitaa ya mji wa zamani ilikuwa mbali na ukingo wa mto, na maji ya visima vyake vingi yalikuwa na chumvi, hayanyweki vyema. Maji matamu yaliletwa na wachukuzi waliokwenda mtoni na ngamia na punda, wakarudi na viriba vya ngozi vilivyojaa, wakayauza nyumba kwa nyumba. Mwenye pesa alinunua. Je, hamali aliyetoka sokoni na mzigo kichwani, mgeni aliyeingia mjini mchana wa jua kali, mtoto yatima asiye na mtu, hao walinywa wapi?

Waislamu wa Misri walikuwa na mafunzo ya kuwaongoza katika swali hilo. Walijua habari ya mtu aliyesamehewa madhambi yake kwa kumnywesha mbwa aliyekuwa na kiu. Walijua jinsi Sayyidna Uthman alivyokinunua kisima cha Ruma kule Madina, kisima ambacho maji yake yalikuwa yakiuzwa, akawaachia Waislamu wote wateke. Na walijua aliyotufunza Mtume wetu (S.A.W.), kwamba mwanaadamu akifa amali zake hukatika ila kwa mambo matatu: sadaka inayoendelea, ilimu inayonufaisha watu, na mtoto mwema anayemwombea.

Basi matajiri na watawala wa mji wakajenga sabili. Za mwanzo zilikuwa sehemu ya misikiti na madrasa. Kisha mwaka 1479 Sultani Qaytbay alijenga katika njia ya Saliba sabili iliyosimama peke yake, haikuegemea msikiti wala madrasa. Chini paliwekwa maji, na juu yake chuo cha kuwafunza watoto Kurani, hasa mayatima. Mtindo huu ulienea katika mji wote, na majengo ya namna hii yakawa mengi. Mojawapo lililo mashuhuri ni la Abd al-Rahman Katkhuda, lililojengwa mwaka 1744 mahali njia kuu ya mji wa zamani inapogawanyika. Lina madirisha pande tatu, ili mtu atokaye upande wo wote apate kunywa.

Tazama hekima ya ujenzi huo. Maji ni sadaka inayoendelea. Chuo cha juu ni ilimu inayonufaisha. Na wale mayatima, kila walipomaliza kusoma, walimwombea dua aliyewajengea. Mambo yote matatu yalikusanywa ndani ya kuta nne, na hata yule asiyejaaliwa mtoto aliweza kupata watoto wa kumwombea.

Kazi ya kuyapata maji yenyewe haikuwa ndogo. Chini ya sabili palichimbwa birika kubwa la kujengwa kwa mawe. Naili ilipofurika, ambapo maji huwa mengi, wachukuzi walileta viriba juu ya viriba mpaka birika likajaa, na maji hayo yakatumiwa kwa miezi. Kila siku yalitekwa kwa ndoo na kamba. Katika sabili nyingi yalimwagwa juu ya bamba la marumaru lililoinamishwa, lenye michoro ya mawimbi, yakawa yateremka taratibu huku yakipigwa na upepo, ili yapoe. Kisha yakaingia katika mabakuli yaliyo nyuma ya dirisha, na mpita njia akapitishiwa kikombe kati ya nondo za shaba.

Sasa, ndugu msomaji, tufike kwenye jambo lenyewe ninalotaka tulizingatie. Wazee wale hawakujenga ukuta wakaondoka. Kila sabili ilikuwa na waraka wake wa wakfu, nao uliandikwa kwa uangalifu kuliko tunavyoandika sisi mikataba ya biashara. Ndani yake ilitajwa mali itakayoilisha sabili: kodi ya maduka fulani, nyumba fulani, mashamba fulani. Ikatajwa kiasi cha kununulia maji. Ikatajwa fedha za kununulia ndoo, kamba, vikombe na sifongo za kusafishia, hata ubani wa kufukizia birika. Mtumishi wa sabili naye aliwekewa sharti: awe msafi, mwenye afya, asiye na maradhi ya kuwadhuru wanywaji, na awe mpole kwa watu. Saa za kazi yake ziliandikwa, na katika mwezi wa Ramadhani zikageuzwa ziwe za usiku. Mwalimu wa watoto alikuwa na mshahara wake, na mayatima walikuwa na posho na nguo zao.

Nikupe mfano wa mtu mmoja. Aliitwa Bibi Nafisa, akijulikana kwa jina la al-Bayda, yaani mweupe. Aliletwa Misri akiwa kijakazi, kisha akawa mke wa Ali Bey, aliyeitawala Misri, na baada ya Ali Bey kufariki mwaka 1773 akaolewa na Murad Bey. Mwaka 1796 alijenga sabili na chuo hatua chache tu kutoka lango la Bab Zuwayla, katika mtaa wa masoko na mafundi, karibu na hapo washona mahema wanapofanya kazi yao hata leo. Hakuchagua mahali pa makasri. Alichagua mahali penye vumbi, jasho na kelele za wauzaji, kwani huko ndiko kulikokuwa na kiu. Na pamoja na sabili alikuwa na nyumba ya kufikia wafanya biashara na hamamu mbili, ili kodi na mapato ya huko ndiyo yanunue maji ya huku. Tajiri aliyekuja kuoga alimlipia maskini kikombe cha maji, pengine bila ya mmoja kumjua mwenziwe.

Miaka miwili tu baadaye, mwaka 1798, majeshi ya Wafaransa yaliingia Kairo. Mumewe alikimbilia Misri ya juu. Bibi Nafisa alibaki mjini, akatozwa mali nyingi na Napoleon Bonaparte. Alifariki mwaka 1816, na utajiri wake mwingi ulikuwa umekwisha kumtoka. Makasri na vito vya wakati wake hatuvioni. Sabili yake ingaliko, na mwishoni mwa miaka ya 1990 ilifanyiwa matengenezo.

Lakini ukienda leo kwenye sabili hizo, nyingi hutapewa maji. Yaliyozikausha ni mambo mawili. La kwanza, kati ya mwaka 1809 na 1814 Muhammad Ali, mtawala wa Misri, alizitia mikononi mwa serikali ardhi nyingi zilizokuwa zikizilisha wakfu. Yeye na jamaa zake walijenga sabili nzuri, mojawapo ya mwaka 1820 kwa kumkumbuka mwanawe Tusun, lakini wakfu nyingi za zamani zilikuwa zimekatwa mizizi. La pili, mwaka 1865 ilitolewa ruhusa ya kuundwa kampuni ya kuleta maji ya mabomba mjini, na polepole mfereji ukaishika kazi ya kiriba. Hilo la pili ni neema, hatuna haki ya kulilalamikia. Lile la kwanza ndilo lenye mazingatio: mti hukauka majani baada ya kukatwa mizizi, si siku ile ile.

Hapa pwani nasi tuna mambo yetu katika mlango huu. Misikiti yetu ya kale ina mabirika na visima vyake. Unguja, Sayyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, alileta maji ya chemchemi kwa mabomba mpaka mjini, watu wakateka bure. Na kina mama wengi wamekuwa na desturi ya kuweka mtungi na kata mahali ambapo apitaye aweza kunywa.

Siku hizi mzee akifariki, watoto huchanga wakachimba kisima au wakasimamisha tangi la maji mbele ya msikiti au chuo, wakaandika jina la marehemu kwa rangi nzuri. Ni jambo jema, Mwenyezi Mungu awalipe. Lakini pita mtaani uhesabu. Mangapi katika matangi hayo yana koki iliyovunjika? Visima vingapi pampu yake imeharibika, na kila mtu amtazama mwenziwe? Jina la mzee lasomeka vizuri, na chini yake mtoto wa chuo asimama na kikombe kikavu. Tumetoa sadaka, lakini kuendelea kwake hatukukuweka.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, mtakapokaa nyumbani kushauriana juu ya sadaka kama hiyo, msianze na rangi ya tangi. Semezaneni kwanza: Nani atalisafisha, na kila baada ya muda gani? Koki ikivunjika italipiwa na nini? Je, kuna chumba kimoja cha kupangisha, minazi kumi, au banda la duka, ambalo pato lake litatengwa kwa kazi hiyo tu? Nani atashika hesabu, na akifa au akihama nani atamrithi? Yaandikeni mtakayokubaliana, muweke na mashahidi. Kama mali haitoshi kwa kisima na utunzaji wake, basi fanyeni kilicho kidogo kidumu. Mtungi mmoja unaooshwa na kujazwa kila asubuhi una manufaa kwa mwenye kiu kuliko tangi kubwa lililokauka.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe miongoni mwa wanaotoa, na wanaotunza walichokitoa. Amin.