Sanduku na Daftari: Mafunzo Tuliyoachiwa na Vyama vya Zamani



Halmashauri iliona vyema kwamba katika kitabu hiki cha taarifa ya mwaka, kabla ya hesabu na kabla ya majina ya waliochaguliwa, ziwekwe kurasa chache za historia. Hatukufanya hivyo kwa kukipamba kitabu. Mkutano mkuu unaokuja utaulizwa maswali mawili mazito. La kwanza, je, mfuko wetu wa mazishi na ugonjwa waweza kuendelea kwa mchango ule ule waliouweka waanzilishi? La pili, je, yafaa mtu mmoja aendelee kushika fedha za chama peke yake? Maswali haya si mageni duniani. Wengine waliyajibu kabla yetu, baadhi yao kwa busara na baadhi yao kwa hasara. Haifai sisi kununua upya, tena kwa bei kubwa, mafunzo ambayo wenzetu wamekwisha kuyalipia.

Jinsi vyama vilivyozaliwa

Vyama vya kusaidiana havikuletwa Kenya na mtu yeyote kutoka mbali. Wazee wetu walilimiana mashamba, wakajengeana nyumba na kuchangiana mahari na misiba, wala hapakuwa na kitabu wala muhuri. Mambo yalibadilika watu walipolazimika kuyaacha makwao. Kodi ya nyumba ilianza mwaka 1901, na kipande kikaanza kutumika kwa nguvu mnamo 1920. Vijana kwa maelfu wakaenda Nairobi, Mombasa, na mashamba ya walowezi kutafuta fedha za kodi. Huko mtu akiugua hakuwa na mjomba wa kumpikia uji, na akifa alizikwa na watu wasiojua jina la babu yake. Basi waliotoka mahali pamoja wakaanza kukutana siku za Jumapili, wakaweka senti zao pamoja, wakaandika majina. Hapo ndipo chama kilipozaliwa.

Twaomba msomaji aliangalie jambo hili vizuri. Nyumbani, watu walijuana tangu utoto, na aibu ilikuwa mlinzi wa mali. Mjini, mtu aliweza kupanda garimoshi usiku na asionekane tena. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza chama cha mjini kilihitaji kitu ambacho ujima wa nyumbani haukuhitaji, yaani maandishi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Chama cha Kavirondo

Tarehe 23 Desemba 1921 watu wengi walikusanyika Lundha, katika Gem, Nyanza. Miongoni mwa viongozi walikuwamo waalimu waliosomeshwa Maseno, na Jonathan Okwiri akawa mwenyekiti. Chama chao kiliitwa Young Kavirondo Association. Walilalamika juu ya kodi, kipande, na kazi za kulazimishwa, na juu ya nchi kufanywa koloni mwaka 1920. Mwaka 1923 Archdeacon W. E. Owen wa Kanisa la Kianglikana akawa rais wake, na jina likageuzwa kuwa Kavirondo Taxpayers' Welfare Association.

Watu wamebishana kwa miaka mingi kama badiliko hilo lilikuwa jema. Wengine husema liliung'oa ukali wa chama. Wengine husema lilikiokoa kisifungwe na Serikali, maana mwaka 1922 Harry Thuku alikuwa amekamatwa mjini Nairobi, na watu waliokusanyika kumdai wakapigwa risasi. Sisi hatutaki kuamua shauri hilo hapa. Twataka kuonyesha mambo mawili tu ya uendeshaji.

Jambo la kwanza ni la kusifiwa. Chama kile kiliwataka wanachama wafanye mambo ambayo jicho laweza kuyaona: kupanda miti, kuchimba vyoo, kuua panya, kutunza usafi wa nyumba. Mtu hakuweza kusema, "Nimeendelea," bila jirani kutazama uani kwake na kuona kama choo kipo au hakipo. Siku hizi twasikia vyama vikiahidi "kuinua hali ya jamii." Maneno hayo ni matamu, lakini nani aweza kuyapima mwisho wa mwaka? Ahadi isiyopimika haiwezi kuvunjwa, na kwa sababu hiyo haiwezi kutimizwa pia.

Jambo la pili ni la kuonya. Chama kilimtegemea mno mtu mmoja. Owen alikuwa na bidii kubwa, tena alijua kuwaandikia wakubwa, na magazeti ya Uingereza yaliyapokea maneno yake. Lakini kazi inayofanywa na mtu mmoja hodari huwanyima wengine nafasi ya kuijifunza. Wanachama wa upande wa kaskazini walikwenda njia yao, na chama kikapungua nguvu. Owen alipofariki mwaka 1945, kile alichokuwa amekiongoza hakikuwa tena kama zamani. Kiongozi mwema hupimwa hasa kwa kazi inayoendelea baada yake.

Ugomvi wa viti

Katika nchi ya Wakikuyu, Kikuyu Central Association ilianza katikati ya miaka ya 1920. Wanachama wake, wengi wao wakulima na vibarua, walitoa fedha zao wenyewe, na mwaka 1929 wakamtuma Jomo Kenyatta, aliyekuwa katibu wao, aende London kuwasemea. Hili ni jambo kubwa. Haba na haba ilijaza kibaba hata kikavuka bahari.

Lakini chama hicho hicho kiliumizwa na ugomvi wa ndani. Thuku alirudi kutoka kizuizini, akachaguliwa kuwa rais mwaka 1932, kisha wenyewe kwa wenyewe wakatengana, na mwaka 1935 Thuku akaanzisha chama kingine, Kikuyu Provincial Association. Hatusemi nani alikuwa na haki. Twasema kwamba watu waliokuwa na adui mmoja waligawanyika pande mbili. Chama kisichokuwa na njia iliyoandikwa ya kumwondoa kiongozi kwa heshima kitamwondoa kwa matusi, au kitavunjika.

Sanduku la kufuli tatu

Sasa twende mbali kidogo. Huko Uingereza, katika karne ya 18, wafanyakazi wa mikono waliunda vyama vya kusaidiana katika ugonjwa na mauti. Walikutana katika vilabu vya pombe, na fedha zao zikawekwa katika sanduku la mbao. Sanduku hilo kwa kawaida lilikuwa na kufuli tatu, na kila ufunguo ulishikwa na mtu mbali. Halikufunguka mpaka watatu wote wawepo, mbele ya wenzao. Si kwamba watu wale walidhaniana kuwa wezi. Walijua kwamba tamaa humjia hata mtu mwema usiku mmoja wa shida, na wakaona ni hisani kwake kutomwachia ufunguo wote. Mwaka 1793 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyoviruhusu vyama hivyo kuandikisha kanuni zao na kulindwa na mahakama dhidi ya maofisa walaji.

Kufuli, hata hivyo, hazikutosha. Vyama vingi vilianguka bila senti moja kuibwa. Sababu ilikuwa hesabu. Waanzilishi walikuwa vijana, wakaweka mchango mdogo uliokuwa sawa kwa wote. Miaka 20 au 30 ikapita, wakazeeka pamoja, wakaanza kuugua pamoja na kufa karibu karibu. Vijana wa mtaani walipoona hali hiyo walikataa kujiunga, wakaanzisha chama chao kipya jirani. Wazee wakabaki na sanduku tupu, na ndio waliokuwa wamechangia kwa muda mrefu kupita wote. Hatimaye sheria ya mwaka 1875 iliagiza kwamba vyama vilivyoandikishwa vikaguliwe hesabu kila mwaka, na kwamba kila miaka mitano thamani ya mfuko ipimwe dhidi ya madeni yatakayokuja.

Na tufanye mfano wetu. Chama kina watu 100, na kila mmoja atoa shilingi 200 kwa mwezi. Kwa mwaka mzima, wote wakilipa, zapatikana shilingi 240,000. Ikiwa kila msiba wapewa shilingi 40,000, mfuko waweza kubeba misiba sita, wala hauwezi kubeba wa saba. Wanachama wakiwa na umri wa miaka 30, misiba sita kwa mwaka ni ajabu. Wakifika miaka 65, si ajabu hata kidogo. Hakuna hotuba wala sala itakayougeuza mgawanyo huo. Yabidi mchango uongezwe, au malipo yapunguzwe, au vijana waingie. Na vijana hawaingii mahali ambapo hawaonyeshwi hesabu.

Kosa letu wenyewe

Tungekuwa wanafiki kama tungewahukumu wa zamani na kunyamaza juu yetu. Wazee wa chama hiki wanakumbuka mweka hazina wetu mmoja, ambaye jina lake hatulitaji. Kwa miaka mingi alizishika fedha nyumbani kwake, akaandika katika daftari lake mwenyewe kwa namna alivyojua. Hakuna aliyemwomba hesabu, maana kumwomba kulionekana ni kumtukana. Akafa ghafula. Tulipokwenda kuchukua fedha tulikuta pungufu ya tulivyodhani, na daftari halikusomeka. Maneno yakaanza. Mjane wake, aliyekuwa bado katika eda, alitazamwa kama aliyezificha. Baada ya miezi kadhaa, risiti za hospitali na za usafirishaji wa maiti zilipatikana kwa wanachama mbalimbali, zikaonyesha kwamba marehemu alikuwa ametulipia wengi wetu bila kudai sahihi. Fedha zilikuwa zimetumika kwa haki. Lakini mama yule alikuwa amekwisha kuhama mtaa.

Tulimwendea kumwomba radhi. Alitupokea kwa heshima, akatupa chai, wala hakurudi katika mikutano yetu. Tangu hapo twajua kwamba ukaguzi wa hesabu humlinda mwaminifu kuliko unavyomwogofya mwizi. Tuliyemwonea haya kumwuliza ndiye tuliyemwacha bila shahidi.

Yapasayo kufanywa

Kutokana na hayo, Halmashauri yawaletea mashauri haya ili yazungumzwe.

Kwanza, fedha zisishikwe na mtu mmoja. Ziwekwe benki, na hundi itiwe sahihi na watatu. Wengine watasema kwamba siku hizi michango hutumwa kwa simu, na mambo ni mepesi. Kweli ni mepesi. Lakini mchango unaoingia katika simu ya mtu mmoja umeingia katika sanduku lenye kufuli moja, na ufunguo umo mfukoni mwake.

Pili, mkaguzi wa hesabu asiwe mwana halmashauri, wala jamaa wa mweka hazina. Hesabu zisomwe kwa lugha ambayo kila mwanachama aielewa, na swali la mama muuza mboga lijibiwe kwa adabu ile ile ya swali la mwalimu mkuu.

Tatu, kila ofisa awe na muda wa kukaa, na awe na naibu anayefanya kazi kweli. Mwandishi asiporuhusu naibu wake kuandika kumbukumbu walau mkutano mmoja kati ya mitatu, siku atakapougua chama kitakuwa bubu.

Nne, orodha ya wanachama iwe na umri wa kila mtu, na mfuko upimwe kila baada ya miaka mitano.

Tano, mali ya chama iandikwe kwa majina ya wadhamini, na hati zake zijulikane zilipo. Tukumbuke mwaka 1980, vyama vikubwa vya kikabila kama Luo Union, Abaluhya Union, na GEMA vilipotakiwa kuvunjwa. Vyama vilivyokuwa vimefanya kazi kwa miaka mingi vilikoma mbele ya macho ya wanachama. Hakuna chama kiwezacho kusema, "Sisi tutadumu daima". Lakini kila chama chaweza kuhakikisha kwamba siku ya mwisho ikifika, yajulikana kilicho cha nani.

Mengi ya haya si mapya hata katika sheria. Sheria ya Vyama, Sura ya 108, iliyoanza kutumika mwaka 1968, yataka kuwe na daftari la wanachama, vitabu vya hesabu ambavyo mwanachama aweza kuvikagua, mkutano mkuu wa kila mwaka, na taarifa kwa Msajili. Wengi huyafanya hayo kwa kumwogopa Msajili. Sisi twawaomba tuyafanye kwa kumkumbuka yule mjane.

Kurasa zinazofuata zina hesabu za mwaka. Twawasihi msizipite haraka mkitafuta picha. Chukueni kalamu, jumlisheni wenyewe, na mkiona tarakimu isiyoeleweka, itieni alama, mje nayo mkutanoni. Hatutaona kwamba mmetutukana. Tutaona kwamba mmekuwa mashahidi wetu.

Sisi watumishi wenu,
Halmashauri ya Chama