Mlango na Matokeo: Wanafunzi wa Alliance High School Tangu 1926

Shule za sekondari za Kenya zimezoea kupimwa kwa kipimo kimoja, nacho ni matokeo ya mtihani wa mwisho. Shule inayopata alama za juu huitwa shule bora, na ubora huo huhesabiwa kuwa zao la walimu wake, nidhamu yake na desturi zake. Methali nayo husema kwamba chema chajiuza. Makala haya yanakusudia kuonyesha, kwa mfano wa Alliance High School ya Kikuyu, kwamba kipimo hicho hakitoshi mpaka kwanza iulizwe ni wanafunzi gani waliofunguliwa mlango, na ni lugha gani iliyoushika ufunguo.

Alliance ilifunguliwa Machi 1926 ikiwa na wavulana 27. Waanzilishi wake walikuwa misheni za Kiprotestanti zilizoungana mwaka 1918, zikiwamo Misheni ya Kanisa la Scotland, Church Missionary Society, Africa Inland Mission na Wamethodisti. Jina la shule linatokana na muungano huo. Kwa sababu hiyo, orodha ya wanafunzi wa mwanzo ilikuwa pia ramani ya misheni. Palipokuwa na kituo cha misheni palikuwa na shule ya msingi, na palipokuwa na shule hiyo palikuwa na njia ya kwenda Kikuyu. Wakatoliki walikuwa na shule yao Kabaa, ambayo baadaye ilihamia Mang'u. Ama watoto wa Kiislamu wa Mombasa, Malindi na Lamu, njia hiyo ilipita katika madarasa ambayo wazazi wengi waliyaona kuwa mlango wa kubadili dini. Ronald Ngala alitoka pwani akasoma Alliance, lakini naye alianzia katika shule ya misheni. Hivyo pwani haikufungiwa kabisa. Ilifunguliwa kwa upande mmoja tu.

Rangi na jinsia zilikuwa mipaka mingine. Watoto wa Kizungu walijengewa Prince of Wales School, iliyofunguliwa 1931, na Waasia walikuwa na shule zao. Wasichana wa Kiafrika nao walingoja hadi 1948 ndipo African Girls' High School ilipofunguliwa hapo hapo Kikuyu, miaka 22 baada ya ile ya wavulana. Hapana shaka kwamba katika kipindi hicho vipaji vingi vilibaki nje ya hesabu, na kitu kilichobaki nje ya hesabu hakionekani katika matokeo.

Sifa kubwa ya Alliance kimasomo inahusishwa na Edward Carey Francis, aliyekuwa mwalimu mkuu kuanzia 1940 hadi 1962. Alikuwa mwanahisabati aliyeacha kazi ya kufundisha Cambridge akaja Maseno mwaka 1928. Uhodari wake na ukali wake vimeelezwa na wengi, na si haki kuvidharau. Hata hivyo, inafaa kukumbukwa kwamba mwalimu huyo alipokea wanafunzi waliokwisha kupepetwa. Chini ya mpango wa Beecher wa miaka ya 1950, mtoto wa Kiafrika alifanya mtihani wa mchujo katika darasa la nne, na mwingine katika darasa la nane. Wengi waliachwa katika kila hatua. Waliofika Kikuyu walikuwa wachache waliosalia kutoka nchi nzima. Walipofaulu mtihani wa Cambridge na kuingia Makerere, ushindi huo ulikuwa wa shule, lakini ulikuwa pia wa ungo.

Athari zake hazikuishia darasani. James Gichuru, Oginga Odinga, Jeremiah Nyagah, Charles Njonjo na Ngala mwenyewe walipitia hapo, na serikali ya kwanza ya Kenya huru ilijaa watu wa shule hiyo. B. E. Kipkorir, katika tasnifu yake ya Cambridge ya 1969, aliihusisha Alliance moja kwa moja na chanzo cha tabaka la juu la Waafrika wa Kenya. Basi swali la nani aliingia Alliance si swali la shule moja. Ni swali la nani alirithi nchi.

Wanaisimu wana haki ya kuongeza jambo ambalo wanahistoria wa elimu wamelitaja kwa uchache. Ungo ule ulifumwa kwa Kiingereza. Tume ya Ominde ilipendekeza mwaka 1964 kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi. Lakini mtihani wa kumaliza shule ya msingi, hadi ulipofanywa mara ya mwisho mwaka 1984, ulikuwa na karatasi tatu tu: Kiingereza, hisabati na maarifa ya jumla. Somo lisilotahiniwa halikufundishwa kwa bidii. Mtoto wa Lamu aliyekua katika nyumba ya tenzi na mashairi alikuwa na utajiri wa lugha usiompatia hata alama moja. Matokeo yake yalipokuwa duni, ilisemwa kwamba pwani haipendi elimu. Haikuulizwa mtihani ulipenda nini.

Mwaka 1985 Kiswahili kilianza kutahiniwa kwa lazima katika mtihani mpya wa darasa la nane, na mwaka 1989 katika ule wa kidato cha nne. Katika miaka hiyo nafasi za shule za kitaifa ziligawanywa kwa wilaya, ili Alliance ipate wanafunzi kutoka pembe zote za nchi. Wako walioona mgao huo kuwa hatari kwa ubora. Hofu hiyo ilisahau kwamba shule haikuwahi kuwa bila mgao: ule wa kwanza uliandikwa na misheni, wa pili na rangi, na wa tatu na lugha.

Mtihani wa darasa la nane ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023, na ungo mwingine unafumwa sasa. Atakayetaka kuupima kwa haki asianze na orodha ya matokeo. Aanze na daftari la uandikishaji, asome majina yaliyomo, kisha aulize habari za yale yasiyomo.