Riordan: Shule ya Kikatoliki ya wavulana iliyopokea wasichana baada ya miaka 71

Januari 2020, wazazi wa Mercy High School, shule ya Kikatoliki ya wasichana jijini San Francisco, Marekani, walipata taarifa ambayo hakuna mzazi anataka kuisikia: mwaka wa masomo ukiisha, shule inafungwa. Wanafunzi wamepungua, gharama zimepanda, hela haitoshi tena.

Haukupita muda mrefu, Archbishop Riordan High School, shule ya wavulana iliyo kusini mwa jiji hilohilo, ikatangaza kwamba kuanzia Agosti mwaka huo itapokea na wasichana.

Riordan ni shule gani?

Ilifunguliwa mwaka 1949 na Jimbo Kuu la San Francisco, ikapewa jina la Patrick William Riordan, Askofu Mkuu wa pili wa jimbo hilo. Waliokabidhiwa kuiendesha ni Wamarianisti, yaani watawa wa Shirika la Maria, ambao pia wana shule ya msingi ya Our Lady of Nazareth kule Mukuru, Nairobi. Timu zake zinaitwa Crusaders, rangi zake ni zambarau na dhahabu, na kwa miaka 71 wanafunzi wake walikuwa wavulana watupu.

Enzi hizo hilo halikumshangaza mtu. Desemba 1929 Papa Pius XI alitoa waraka kuhusu elimu, na humo akasema wazi kwamba kuwasomesha wavulana na wasichana pamoja ni njia potofu, tena yenye madhara kwa malezi ya Kikristo. Riordan ilifunguliwa miaka 20 baadaye, msimamo huo ukiwa bado na nguvu.

Kwa nini mambo yakabadilika?

Jibu kubwa ni hesabu. Mwaka 1965 Marekani ilikuwa na masista wapatao 180,000. Kufikia 2020 hawakufika hata 45,000. Masista na mabruda walifundisha kwa posho ndogo, wakaishi pamoja kwenye nyumba zao za kitawa. Walipopungua, nafasi zao zikashikwa na walimu wa kawaida wanaohitaji mshahara, bima na pensheni. Ada ikapanda. San Francisco nako maisha ni ghali mno, na kati ya majiji makubwa ya Marekani ndilo linalojulikana kwa uchache wa watoto. Sasa shule ya jinsia moja ikiamua kubaki hivyo, imeshajikatia nusu ya watoto wachache waliopo.

Sheria haikuilazimisha Riordan. Sheria ya Marekani ya 1972 inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu haizigusi shule binafsi za sekondari kwenye suala la kupokea wanafunzi. Riordan ingeweza kuendelea na wavulana wake bila kushtakiwa na mtu.

Wenzake walishatangulia

Sacred Heart, shule ya wavulana iliyoanza 1874, iliungana mwaka 1987 na majirani zao wasichana wa Cathedral High School. Jina likawa Sacred Heart Cathedral Preparatory. Hiyo ilikuwa ndoa ya kueleweka, maana kila upande ulibaki na jina lake kwenye bango.

Miaka miwili baadaye, 1989, St. Ignatius ya Wajesuiti, iliyoanza 1855, nayo ikafungua mlango. Huku hakukuwa na muungano wowote. Wasichana waliingia kwenye shule yenye jina kubwa, matokeo mazuri na wahitimu waliojaa ofisi za jiji.

Kilichofuata ndicho kinachosahaulika. St. Rose Academy, shule ya wasichana ya masista Wadominikani, ilifungwa 1990. Presentation, nayo ya wasichana, ikafungwa 1991. Kwa St. Rose, tetemeko la ardhi la Oktoba 1989 lilichangia sana, siyo haki kuwatupia Wajesuiti lawama zote. Lakini ni vigumu kuamini kwamba mlango mpya wa St. Ignatius haukuvuta hata msichana mmoja kutoka shule hizo. Wavulana walipata wenzao darasani, shule yao ikabaki palepale. Wasichana walipata nafasi, wakapoteza shule zao wenyewe, zile ambazo kiongozi wa wanafunzi, nahodha wa timu na mara nyingi hata mkuu wa shule alikuwa mwanamke.

Kulikuwa na njia nyingine? Kidogo ipo. Kusini mwa jiji, eneo la San Mateo, shule ya wavulana ya Serra (ndiyo, ile aliyosoma Tom Brady) ilishirikiana kwa miaka mingi na shule mbili za wasichana, Notre Dame ya Belmont na Mercy ya Burlingame. Kila shule ilibaki na wanafunzi wake, ila walichangia baadhi ya masomo, bendi na maigizo. Mpango huo unahitaji shule za wasichana zenye afya. Mercy ya San Francisco haikuwa nayo tena.

Mwanzo wa aina yake

Wasichana wa kwanza wa Riordan walianza katikati ya korona. Agosti 2020 shule za San Francisco hazikuruhusiwa kufungua madarasa, hivyo mwaka ule wa kihistoria ulianza kwa mtandao, kila mtu nyumbani kwake mbele ya skrini.

Jina la timu halikubadilika: wasichana nao ni Crusaders. Majengo ya Mercy yaliyo barabara ya 19th Avenue yalinunuliwa na Chinese American International School, shule ya mchanganyiko.