Dola 10 kwa Miezi 36

Mpango wa 10-36 ulianzishwa mwaka 1962 katika Kanisa la Baptisti la Zion, kaskazini mwa Philadelphia, Marekani. Mchungaji Leon Sullivan aliwaomba waumini 50 watoe dola 10 kila mwezi kwa miezi 36. Waliojiandikisha walizidi 200.

Chimbuko lake lilikuwa mgomo wa wanunuzi. Mwaka 1960 Sullivan na wachungaji Weusi wapatao 400 walianza kuziendea kampuni zilizowauzia Weusi bidhaa huku zikiwanyima kazi za maana. Kampuni iliyokaidi ilitajwa mimbarani Jumapili, na waumini wakaacha kununua bidhaa zake. Ya kwanza kususiwa ilikuwa Tasty Baking, watengenezaji wa keki, nayo ikakubali kuajiri. Nafasi zilipoanza kupatikana, wengi walikosa ujuzi uliohitajika. Ndipo mwaka 1964 kituo cha mafunzo ya kazi, OIC, kikafunguliwa ndani ya jela iliyoachwa.

Lakini mwenye mshahara bado alilipa kodi ya nyumba na kununua unga kwa watu wa nje ya mtaa. Majengo na maduka hayakuwa ya wakazi, na benki zilikuwa nzito kukopesha maeneo ya Weusi. Mpango wa 10-36 ulilenga pengo hilo. Michango ya miezi 16 ya kwanza, dola 160, iliingia katika mfuko wa hisani wa kugharimia elimu na huduma za jamii. Dola 200 za miezi 20 iliyobaki zikawa mtaji wa kampuni ya biashara, Zion Investment Associates, na mchangiaji akapewa hisa. Haukuwa upatu, ambamo zamu ya kila mtu hufika mapema au baadaye. Utaratibu wa 10-36 ulikuwa na busara ya kimyakimya: aliyekwisha kutoa mwaka mzima na zaidi bila kudai kitu hana pupa ya gawio.

Mtaji huo ulisaidia kujenga nyumba za kupangisha, kisha Progress Plaza, jengo la maduka katika barabara ya Broad, lililofunguliwa mwaka 1968. Hutajwa kuwa la kwanza la aina yake nchini humo kujengwa na kumilikiwa na Weusi. Benki ya First Pennsylvania ilitoa mkopo, baada ya wanahisa kuonyesha fedha zao wenyewe. Sullivan alidai pia Weusi wapewe umeneja wa maduka. Bila hilo, umiliki wa kuta ungekuwa na maana ndogo.

Sifa zilimfikisha mbali. Mwaka 1971 aliingia bodi ya General Motors, na mwaka 1977 akatunga kanuni za kampuni za Marekani zilizofanya kazi Afrika Kusini ya ubaguzi. Alifariki mwaka 2001. Mkutano wenye jina lake ulifanyika Arusha mwaka 2008.

Progress Plaza yenyewe ilidhihirisha kikomo cha umiliki. Mwenye jengo hawezi kumlazimisha mpangaji abaki, na mwishoni mwa miaka ya 1990 duka lake kubwa la vyakula lilifungwa. Kwa zaidi ya miaka 10 wakazi walikwenda mbali kutafuta mboga na nyama, hadi Desemba 2009, ukarabati ulipokamilika na duka la vyakula la Fresh Grocer kufungua milango, likisaidiwa na mfuko wa jimbo la Pennsylvania uliowekwa kwa ajili ya mitaa isiyo na masoko ya vyakula.