Kinanda cha Santuri na Uaminifu wa Sauti

Kwa muda wa miaka mitatu tuliwafundisha wanafunzi wetu neno ambalo halikuimbwa. Shuleni kwetu, mbali na pwani, palikuwa na kinanda cha santuri kilichotengenezwa Japani katika miaka ya 1970, pamoja na kasha la santuri ndogo za nyimbo za mwambao. Kila muhula tulikitoa kabatini, tukawataka wanafunzi wasikilize na kuandika maneno wanayoyasikia, kisha tukawafafanulia maana. Katika wimbo mmoja sote, walimu kwa wanafunzi, tulisikia "na shaka". Tukaandika hivyo ubaoni, tukaeleza wasiwasi wa mpenzi, tukatunga hata maswali ya mtihani juu ya wasiwasi huo. Kinanda kilipokwisha kutengenezwa tulisikia neno moja, wala si mawili: "nasaka". Mwimbaji hakuwa na shaka hata chembe. Alikuwa akimsaka mtu.

Kosa hilo halikuwa la mwimbaji, wala la waliomrekodi. Lilikuwa la chombo, na zaidi lilikuwa letu sisi tuliokiamini chombo bila kukikagua. Kwa sababu hiyo tumeona inafaa kuwasimulia walimu wenzetu historia fupi ya kinanda cha namna hii, ambacho mota yake huzungusha sahani moja kwa moja bila ukanda wala gurudumu, na kueleza jinsi kinavyoweza kurudishiwa uhai wake.

Neno lenyewe, santuri, ni jina la ala ya nyuzi ya Uajemi na Iraki. Kwetu likahamia kwenye mashine inayoimba, kisha kwenye ile bamba nyeusi yenye mfereji wa sauti. Mashine ya kwanza ya kutunza sauti na kuirudisha ilibuniwa na Thomas Edison huko Marekani mwaka 1877, nayo ilitumia mcheduara. Miaka 10 baadaye Emile Berliner alileta bamba la duara, ambalo lilikuwa jepesi kupigwa chapa kwa wingi. Bamba ndilo lililoshinda.

Kiswahili hakikuchelewa sana kuingia humo. Mwezi Machi 1928 Siti binti Saad wa Unguja, mzaliwa wa Fumba, alisafiri pamoja na wenzake hadi Bombay, wakarekodi nyimbo zao kwenye santuri zilizouzwa pwani na bara. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco huko Jadotville, mji wa Katanga ambao leo huitwa Likasi, na gitaa lake likasikika mbali sana pamoja na Kiswahili cha huko, ambacho si cha Unguja wala cha Mombasa. Mwalimu wa lugha akizisikiliza santuri za watu hawa wawili, hupata masomo ambayo hayapatikani katika kitabu chochote: jinsi irabu zilivyovutwa, jinsi konsonanti zilivyogongwa, na tofauti ya lahaja na lahaja.

Lakini sauti iliyo katika santuri ina sharti moja gumu. Haina budi kuzungushwa kwa mwendo ule ule iliorekodiwa nao. Santuri za zamani zilizunguka takriban mara 78 kwa dakika. Mwaka 1948 kampuni ya Columbia ilileta santuri ndefu ya mizunguko 33 na theluthi moja, na mwaka uliofuata RCA Victor ikaleta ile ndogo ya mizunguko 45. Mwendo ukizidi kwa asilimia 6 tu, sauti yote hupanda karibu nusu toni: mwanamume wa makamo huwa kijana, na maneno hukimbilia mbele ya masikio. Mwendo ukiyumba, sauti nayo hulia kama mlevi. Kumbe basi historia ya kinanda cha santuri, kwa sehemu kubwa, ni historia ya watu waliotafuta mwendo usiodanganya.

Njia ya kwanza iliyoenea katika vinanda vya umeme ilikuwa ya gurudumu. Mota ilikimbia mizunguko zaidi ya elfu moja kwa dakika, na gurudumu dogo la mpira likapokea mbio hizo na kuzipunguza ukingoni mwa sahani. Vinanda vya Garrard vya Uingereza vilivyopendwa katika vituo vya redio viliendeshwa hivyo. Vilikuwa na nguvu, lakini mtetemo wa mota ulipita kwenye gurudumu ukafika kwenye sindano, nao ulisikika kama ngurumo ya mbali chini ya muziki. Njia ya pili ilikuwa ya ukanda wa mpira. Ukanda hunyonya mtetemo, na sauti huwa safi, ila sahani huchelewa kushika mwendo. Tena mpira ni mpira. Katika joto letu ukanda hulegea, na ukiachwa miaka mingi hugeuka ulimbo unaonata vidoleni.

Njia ya tatu ilitoka Osaka. Katika kampuni ya Matsushita, mhandisi Shuichi Obata alijiuliza kwa nini mota ikimbizwe kisha mbio zake zipunguzwe. Akabuni mota isiyo na brashi, inayozunguka polepole kama sahani yenyewe, mara 33 na theluthi kwa dakika, na sahani ikakaa juu yake pasipo kitu kati yao. Kinanda cha kwanza cha namna hiyo kuuzwa, Technics SP-10, kilitokea mwaka 1970. Mwaka 1972 kilifuatwa na SL-1200, kilichokusudiwa kwa msikilizaji wa nyumbani. Mwaka 1975 toleo la pili la SP-10 lilitumia fuwele ya kwatsi kuwa mnyapara wa mwendo: fuwele hutetema kwa kadiri isiyobadilika, na saketi huulinganisha mwendo wa mota na mtetemo huo, ikiusahihisha kila unapopotoka.

Historia ina vituko vyake. Chombo kilichokusudiwa kwa msikilizaji mtulivu sebuleni kilipokewa kwa shangwe na vijana wa mitaa ya kimaskini ya Bronx, New York. Tarehe 11 Agosti 1973 kijana mwenye asili ya Jamaika, DJ Kool Herc, alichezesha santuri katika karamu ya dada yake, akitumia vinanda viwili ili kurefusha kile kipande cha ngoma ambacho wachezaji walikipenda zaidi. Baada yake Grandmaster Flash, aliyesomea mambo ya umeme shuleni, alichunguza ni vinanda gani vinavyoshika mwendo upesi baada ya kuzuiwa kwa mkono. Kinanda cha ukanda hakikuweza kuvumilia mkono huo. Kinanda chenye mota ya moja kwa moja kiliweza. Ndipo kinanda kikageuka kuwa ala ya muziki, na kutokana na karamu hizo ukazaliwa utamaduni wa hip hop.

Mwaka 1979 kampuni ilitoa SL-1200MK2, yenye mota inayoongozwa kwa kwatsi, kitako kizito cha kuzuia mtetemo, na kitelezi cha kuongeza au kupunguza mwendo kwa asilimia 8. Sahani yake hushika mwendo wa 33 kwa muda wa sekunde 0.7. Vinanda vya jamii ya SL-1200 viliuzwa zaidi ya milioni 3 na nusu kabla ya utengenezaji kusimamishwa mwaka 2010. Wengi walidhani huo ndio mwisho. Hata hivyo mwaka 2016 vilirudishwa sokoni vikiwa na mota mpya, kwa kuwa watu hawakuwa wameacha kuvitafuta.

Sasa tukirudie kinanda chetu. Kilikuwa cha kizazi cha kabla ya kwatsi, ambacho mwendo wake hurekebishwa kwa kitufe cha kuzungusha. Ukingoni mwa sahani za vinanda hivyo huchorwa nukta, nazo humulikwa na taa ndogo iliyounganishwa na umeme wa nyumbani. Hapa pana hesabu nzuri ya kuwapa wanafunzi. Umeme wetu hubadilika mara 50 kwa sekunde, na taa hiyo humetameta mara mbili katika kila badiliko, yaani mara 100. Ukichora nukta 180, sahani ikizunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, kila mmeto humkuta nukta mpya mahali pa ile iliyopita, na jicho huona nukta zimesimama tuli. Zikienda mbele, mwendo umezidi. Zikirudi nyuma, umepungua. Taa ya kinanda chetu ilikuwa imekufa zamani. Tulipima mwendo kwa sikio, na sikio lilikwisha kuzoea uongo.

Tulimwita fundi mmoja mzee wa redio, nasi tukakaa naye siku mbili tukijifunza. La kwanza alilofanya ni kuchomoa waya wa umeme na kungoja, kwa kuwa kapasita hushikilia umeme hata baada ya waya kuchomolewa. Aliinua sahani. Chini yake aliona grisi nzito iliyoganda, ambayo fundi mwingine kabla yake aliipaka kwenye mhimili kwa nia njema. Akaifuta yote, akaosha mhimili, akatia matone mawili ya mafuta mepesi. Mota ya namna hii haina kitu kingi cha kuchakaa, na hiyo ndiyo sababu vinanda vya miaka 50 bado vinazunguka. Kinachokufa ni vitu vidogo vinavyoizunguka.

Kitufe cha mwendo kilikuwa na kutu na vumbi ndani. Kila kilipoguswa mwendo uliruka. Alikipulizia dawa ya kusafishia, akakizungusha huku na huku mara nyingi hadi kikatulia. Kapasita za kuhifadhi umeme hukauka kwa umri, kwa hiyo alizitoa moja moja, akaweka nyingine zenye kipimo kile kile, akiangalia kila mara upande wa chanya na upande wa hasi, maana kapasita ikigeuzwa huweza kupasuka. Pale ambapo risasi ya kulehemu ilipata nyufa nyembamba kama unywele aliyeyusha na kulehemu upya. Akabadili taa. Mwisho alikagua sindano kwa lenzi. Ncha yake ililika upande mmoja, na ncha iliyolika haiwezi kufuata mikunjo midogo ya mfereji, ambamo mna "s" na "sh". Herufi hizo huwa mvumo mmoja usiotofautishwa. Hapo ndipo tulipojua "shaka" yetu ilikotoka.

Siku ya pili jioni taa iliwashwa, nukta zikasimama, nasi tukaiweka ile santuri. Hatukusema neno mpaka ulipofika mwisho wake. Kisha mmoja wetu akaenda ubaoni, akaandika "nasaka", akakaa chini.

Yako masuala ya kuboresha ambayo hatuna budi kuyagusa, kwani wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Wako wanaotoa transfoma nje ya kinanda ili mvumo wake usifike kwenye mkono wa sindano. Wako wanaobadili nyaya za mkono. Wako wanaoweka sindano ya ncha ya duaradufu, inayosoma mfereji vizuri zaidi kuliko ya duara. Yote hayo yana manufaa yakifanywa kwa kiasi. Hata hivyo sindano bora ya santuri ndefu haifai kwa santuri ya 78, ambayo mfereji wake ni mpana zaidi, na vinanda vingi vya miaka ile, pamoja na SL-1200MK2, havina kabisa mwendo wa 78. Mwenye santuri asilia za enzi ya Siti na atafute kinanda chenye mwendo huo na sindano yake, asiziharibu kwa pupa.

Sisi walimu wa lugha tunaifahamu kazi hii kwa jina jingine. Mhakiki wa muswada wa kale wa utenzi huondoa makosa ya wanakili, lakini hamtungii mshairi beti mpya. Na kila anapobadili neno huandika pembeni kwamba amelibadili. Fundi wetu alifanya vivyo hivyo. Vitu vyote alivyovitoa alivitia katika bahasha, akaandika tarehe na vipimo katika daftari, akatukabidhi. Atakayekifungua kinanda hicho baada yetu atajua kipi ni cha asili na kipi ni cha mkono wetu.

Kwa hiyo tunawaomba wenzetu wa chama, katika kila shule yenye kasha la santuri lililosahauliwa, walitafute, wapanguse vumbi, na kabla ya kumfundisha mtoto neno lolote lililomo, wakikague kinanda. Wahesabu nukta, watazame ncha ya sindano. Wanafunzi wetu wa miaka ile mitatu wamekwisha kutawanyika, wengine ni walimu sasa. Tumewaandikia barua wale tunaowajua waliko. Waliobaki, wakiusoma ukurasa huu, tunawaomba radhi, na tunawaomba wafute neno moja katika madaftari yao.